Maswali ya Wasomaji: Vasco wa Jukwaani na Vasco wa Malindi

Barua ya kwanza tuliichapa bila jibu katika toleo lililopita. Hapa tunairudia, pamoja na nyingine tatu zilizokuja baada yake, zote zikihusu makala ile ile ya mtandaoni juu ya opera L'Africaine.

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Mimi ninafundisha historia katika shule ya sekondari hapa Malindi. Katika kamusi elezo ya mtandaoni, ile ambayo kila mtu anaruhusiwa kuihariri, nilikuta makala ya Kiswahili yenye sentensi sita tu kuhusu opera (mchezo wa jukwaani unaoimbwa) ya Kifaransa iitwayo L'Africaine. Sentensi ya kwanza inasema: "L'Africaine ni opera maarufu sana duniani iliyotungwa na Giacomo Meyerbeer mwaka 1865 kuhusu Vasco da Gama na malkia wa Madagaska." Kwa kuwa nguzo ya Vasco da Gama iko hapa kwetu, niliona haya kuiacha makala katika hali hiyo. Niliongeza aya mbili kuhusu safari ya 1498, nikaandika pia kwamba Nélusko, yule mtumwa anayeiongoza meli katika opera, ni rubani wetu wa Malindi aliyebadilishwa jina. Asubuhi nikakuta aya zote zimeondolewa, na maelezo ni maneno mawili tu: "utafiti binafsi". Nimekosea wapi, na nifanye nini ili makala hii iwe ya maana?
Msomaji, Malindi

JIBU: Marahaba, Mwalimu mwenzangu. Aliyeziondoa aya zako alikosa uungwana wa kukueleza, lakini hakukosea kuziondoa, na mimi nitajaribu kukueleza alichokiacha.

Umefunga mambo mawili tofauti katika furushi moja. La kwanza ni la kweli tupu: Vasco da Gama alitia nanga mbele ya Mombasa tarehe 7 Aprili 1498, akafika Malindi tarehe 14, akang'oa nanga tarehe 24 akiwa na rubani aliyepewa na mfalme wa Malindi, na tarehe 20 Mei akawa Calicut. Habari hizo zina vitabu vyake, ila mahali pake ni makala ya Vasco da Gama na makala ya Malindi. Anayefungua makala ya opera anataka kujua nani aliitunga, kwa maneno ya nani, inasimulia nini, na watu waliipokeaje. Ukimpa aya mbili za safari ya baharini kabla hajatajiwa hata mwimbaji mmoja, umempeleka Lamu ilhali alikata tiketi ya Lindi.

La pili, kwamba Nélusko ni rubani wa Malindi, ni dhana yako mwenyewe, na hilo ndilo lililoitwa utafiti binafsi. Dhana haikatazwi kwa sababu ni mbaya. Inakatazwa kwa sababu kila dai katika kamusi elezo linatakiwa liwe limekwisha kuchapishwa mahali pa kuaminika, ili msomaji yeyote aweze kulifuata hadi huko na kulihakiki. Na ukiniruhusu nikubishie kidogo, dhana yenyewe inapwaya. Rubani wa Malindi aliwavusha Wareno bahari nzima wakafika salama. Nélusko, katika sehemu ya tatu ya opera, anaipeleka meli kwenye mwamba kwa makusudi ili watu wake waivamie. Kama kuna rubani wa kweli wa kumlinganisha naye, ni yule aliyetoka Msumbiji, ambaye Wareno walimchapa viboko kwa kuwadanganya, hata kisiwa kimoja cha njiani wakakipa jina la huyo aliyechapwa. Lakini hata hili langu usiliandike mpaka upate mtaalamu wa opera aliyelisema katika kitabu chake, nawe uweke tanbihi yenye ukurasa.

Sasa tuje kwenye sentensi ya kwanza, maana paa linavuja hapo hapo.

Mwaka 1865 Meyerbeer hakuwa akitunga chochote, kwa kuwa alikuwa kaburini. Alifariki Paris tarehe 2 Mei 1864, na opera ikaonyeshwa kwa mara ya kwanza katika Opéra ya Paris tarehe 28 Aprili 1865. Mkataba wake na Eugène Scribe, aliyeandika maneno, ulitiwa saini Mei 1837. Mwaka huo huo mwimbaji Cornélie Falcon, ambaye nafasi ya mwanamke mkuu ilikusudiwa yeye, alipotewa na sauti. Kazi ikawekwa kando, Meyerbeer akajishughulisha na opera nyingine iliyotoka mwaka 1849, Le prophète, kisha miaka ya 1850 akairudia hii kwa mtazamo mpya: akamfanya Vasco kuwa mhimili wa hadithi na kuipa opera jina la Vasco de Gama. Scribe naye akafa mwaka 1861 maneno yakiwa bado yanahitaji kurekebishwa. Ukiandika "iliyotungwa 1865" umefuta miaka ishirini na saba kwa neno moja. Andika "iliyoonyeshwa kwa mara ya kwanza", kisha eleza utunzi katika sehemu yake.

Sehemu hiyo ya utunzi ndiyo yenye utamu, na kama makala ingekuwa yangu ningekaa hapo muda mrefu kuliko pengine pote. Meyerbeer alikuwa na desturi ya kuandika muziki mwingi kuliko unaohitajika, kisha kuukata na kuupanga upya wakati wa mazoezi, akisikia jinsi sauti na jukwaa vinavyokwenda pamoja. Safari hii alikufa kabla ya mazoezi. Zikabaki nota nyingi mno, na kazi ya kuzipunguza akapewa mtaalamu wa muziki kutoka Ubelgiji, François-Joseph Fétis. Fétis alikata, akahamisha, akabadilisha baadhi ya maneno, kisha akairudishia opera jina la zamani la L'Africaine, kwa kuwa ndilo ambalo magazeti na watu wa Paris walikuwa wamelizoea kwa miaka mingi ya kuingoja.

Kwa uamuzi huo akaacha fundo ambalo wasomaji wanahangaika nalo hadi leo. Katika rasimu za mwanzo, Sélika, mwanamke mkuu wa hadithi, alikuwa malkia wa Kiafrika kutoka ndani ya bara. Meyerbeer alipoigeuza kazi kuwa Vasco de Gama, nchi ya malkia ikahamia upande wa India, na ndiyo maana katika sehemu ya nne yumo kuhani mkuu wa Brahma, na kiapo cha watu wa nchi ile kinawataja Brahma, Vishnu na Shiva. Jina la Kiafrika liliporudi, miungu ya Kihindi haikuondoka. Tukabaki na opera inayoitwa "Mwanamke wa Kiafrika" ambayo malkia wake anatawala kisiwa chenye mahekalu ya Kihindi katika Bahari ya Hindi. Vitabu vingi hukiita kisiwa hicho Madagaska, vingine havikipi jina, vingine vinasema India moja kwa moja. Wewe usichague moja ya majibu hayo kwa kuwa unalipenda. Waambie wasomaji kwamba maelezo hayapatani na uwaeleze jinsi fundo lilivyofungwa. Aya hiyo moja, ikiandikwa vizuri, itaifaa makala kuliko sentensi zote sita zilizopo sasa.

Neno "maarufu sana duniani" liondoe bila kuomba ruhusa ya mtu. Makala haipimi umaarufu kwa sifa. Inataja lini ilionyeshwa na wapi. Hapa una vitu vya kutaja: kabla mwaka 1865 haujakwisha, L'Africaine ilikuwa imekwisha kuimbwa London kwa Kiitaliano na Berlin kwa Kijerumani. Mimi ningeanza hivi:

"L'Africaine ('Mwanamke wa Kiafrika') ni opera ya Kifaransa yenye sehemu tano, muziki wa Giacomo Meyerbeer na maneno ya Eugène Scribe, iliyoonyeshwa kwa mara ya kwanza katika Opéra ya Paris tarehe 28 Aprili 1865, karibu mwaka mmoja baada ya kifo cha mtunzi. Meyerbeer mwenyewe alikuwa ameipa jina Vasco de Gama. Jina inalojulikana kwalo leo, pamoja na umbo lililopelekwa jukwaani, vilitokana na matayarisho ya François-Joseph Fétis."

Hiyo si Kiswahili cha mashairi, nami sikutaka kiwe hivyo. Kila kipande kinahakikika, na msomaji mwenye haraka akiishia hapo ameondoka na jambo la kweli.

Kuhusu historia unayoipenda, nafasi yako ipo. Fungua kifungu kifupi chenye kichwa "Opera na historia". Humo sema kwamba katika sehemu ya kwanza Vasco anarudi Lisbon akiwa peke yake aliyenusurika katika safari ya Dias, ambaye inasemwa amekwisha kufa. Ilhali Bartolomeu Dias wa kweli alilizunguka Rasi ya Tumaini Jema mwaka 1488, akarudi nyumbani akiwa hai, na kufa baharini mwaka 1500, baada ya Vasco kwenda India na kurudi. Sema kwamba Inès (mpenzi wa Vasco), Sélika na Nélusko ni watu wa kubuni. Sema pia kwamba hakuna onyesho hata moja linalotokea Mombasa wala Malindi, na hapo, Mwalimu, sentensi yako moja ya tarehe 14 Aprili 1498 itakaa kwa haki, ikiwa na kiungo cha kumpeleka msomaji kwenye makala ya Malindi.

Jambo la mwisho kwako. Usirudishe aya zako kwa hasira, maana mkianza kurudishiana makala itafungwa, na walio nje hawatajua nani alikuwa na haki. Nenda kwenye ukurasa wa majadiliano wa makala hiyo, eleza unachokusudia kubadilisha, ngoja siku chache, kisha badilisha kidogo kidogo, kila mara ukiacha mstari mmoja wa kueleza ulichofanya. Mhariri aliyekuondolea aya mbili kwa mkupuo hatakuwa na sababu ya kuondoa tarehe moja yenye tanbihi.

SWALI: Mwalimu mpendwa, mimi ni mwalimu wa Kifaransa hapa Lubumbashi. Nilisoma barua ya ndugu yetu wa Malindi, nikaona nisaidie kwa kuleta muhtasari wa hadithi kutoka Kifaransa. Nilitumia mashine ya kutafsiri ili kuokoa muda, kisha nikasahihisha. Wenzangu wa Dar es Salaam wanasema hawaelewi nani anamfanyia nani nini. Vilevile mashine imegeuza wimbo wa Vasco kuwa wa mapenzi, na ule mti wa sumu wa mwisho imeuita mtufaa. Je, jina la opera nalo niliandike "Mwafrika"?
Msomaji, Lubumbashi

JIBU: Wenzako wa Dar es Salaam wana haki, na kosa si la mashine peke yake. Kifaransa kina il na elle, kwa hiyo mwandishi wa muhtasari anaweza kupita sentensi tatu bila kutaja jina na bado tukajua ni mwanamume au mwanamke anayesemwa. Sisi tuna kiambishi kimoja kwa wote. Tazama sentensi hii uliyonitumia: "Anamwokoa asiuawe naye gerezani, kisha anamtoa kwake ili kumwonyesha kwamba hampendi." Ni Kiswahili safi kisarufi, lakini ni giza totoro. Watu wanne wamo humo, hakuna aliyetajwa. Iandike hivi: "Gerezani, Sélika anamwokoa Vasco asichomwe kisu na Nélusko. Inès anapokuja, Vasco anampa Sélika kama zawadi, ili Inès asadiki kwamba Vasco hampendi mtumwa wake." Hata hapo chunguza: "anampa Sélika kama zawadi" inaweza kueleweka kwamba Sélika ndiye aliyepewa. Basi geuza: "Vasco anamtoa Sélika awe mali ya Inès." Katika muhtasari wa opera usione haya kurudia majina. Waalimu wa insha walitukataza kurudia, lakini hawakuwa na sehemu ya pili ya L'Africaine mbele yao.

Na kwa kuwa nimeligusa neno mtumwa: Sélika ni mwanamke aliyenunuliwa, na Kiswahili cha pwani kina neno kijakazi kwa hali hiyo hasa. Lina uchungu wake, nami nisingelitumia kila mahali, lakini mara moja mwanzoni linamweleza msomaji jambo ambalo "mtumishi", neno ulilolitumia, linalificha. Mtumishi hulipwa.

Tukija kwenye wimbo wa Vasco. Ni aria ya sehemu ya nne, maarufu kuliko kitu kingine chochote katika opera hii, na wengi huijua kwa Kiitaliano kama "O paradiso", kama alivyoirekodi Enrico Caruso mwaka 1907. Vasco amefika kisiwani, anaangalia bustani na mbingu, anaimba "Ô paradis", na baadaye "Tu m'appartiens". Mashine ikaandika "Wewe ni wangu", nasi tukadhani anamwambia Sélika. Sélika hayumo katika maneno hayo. Anayeambiwa ni nchi, "nouveau monde", na kinachosemwa ni umiliki: "Ewe dunia mpya, u mali yangu." Ukiliweka hivyo, msomaji wa Lubumbashi, wa Zanzibar au wa Bujumbura atalisikia mara moja neno ambalo tenori, mwanamume mwimbaji wa sauti ya juu, hulipamba kwa sauti tamu kiasi kwamba wasikilizaji wengi wa Ulaya wamelipita bila kulitazama. Usimwongezee maoni yako. Tafsiri sahihi inatosha. Kumbuka tu kutaja kwamba maneno hayo ni ya toleo la Fétis, kwa sababu katika nota za Meyerbeer mwenyewe wimbo huo una maneno tofauti kidogo.

Mti sasa. Kwa Kifaransa ni mancenillier, jina lililotoka katika neno la Kihispania la tufaha dogo, na bila shaka ndiko mashine ilikookota mtufaa wake. Si mtufaa. Ni mti wa familia moja na muhogo na mbono, wenye utomvu mweupe unaounguza ngozi na tunda lenye sumu kali, na mvua ikinyesha watu huonywa wasijikinge chini yake. Kiswahili hakina jina lake kwa sababu hauoti kwetu: kwao ni visiwa vya Karibi, Florida na Marekani ya Kati. Ndiyo, umesoma vizuri. Malkia wa kisiwa cha Bahari ya Hindi, mwenye jina la Kiafrika na miungu ya Kihindi, anakufa chini ya mti wa Karibi, kwa kuvuta harufu ya maua yake huku akiitazama meli ya Vasco na Inès ikitoweka baharini. Mti halisi hauui kwa harufu, lakini waandishi wa Ulaya wa karne ile waliupenda sana uvumi huo. Andika "mti wa sumu uitwao mansenili", weka jina la Kifaransa mara moja katika mabano, na eleza asili ya mti kwa tanbihi. Usiupeleke mjadala wa mimea ndani ya muhtasari.

Kuhusu jina la opera, "Mwafrika" linapoteza nusu ya neno. L'Africaine ni mwanamke, mmoja, anayejulikana. "Mwanamke wa Kiafrika" ni refu lakini halidanganyi. Kichwa cha makala kiache kwa Kifaransa, kwa kuwa ndicho watu watakachotafuta, na tafsiri iwe kwenye mabano katika sentensi ya kwanza. Uchunge pia nyakati: hadithi iende kwa -na-, kama ulivyofanya, na historia ya maonyesho kwa -li-. Katika rasimu yako "Sélika alikufa" na "opera inaonyeshwa Paris 1865" zimebadilishana viti.

Ukitaka kuhakiki neno lolote, maneno ya Scribe na nota zilizochapishwa Paris na Brandus na Dufour vimekwisha kuwa mali ya umma, na nakala za zama hizo zinasomeka bure katika Gallica, maktaba ya mtandaoni ya Maktaba ya Taifa ya Ufaransa. Wewe unayesoma Kifaransa una bahati ambayo wahariri wengi wa Kiswahili hawana. Fungua sehemu ya nne, soma maelezo ya jukwaa kwa macho yako, ndipo uandike.

SWALI: Assalaam alaykum Mwalimu. Nipo Muscat. Kila nikisoma habari za rubani wa Malindi nakuta kwamba alikuwa Ahmad ibn Majid, bingwa wetu wa bahari. Kwa nini hukumtaja, na kwa nini asiwekwe kwenye makala ya opera?
Msomaji, Muscat

JIBU: Wa alaykumu salaam. Sikumtaja kwa sababu shajara ya safari ile, iliyoandikwa na mtu aliyekuwamo melini, haimpi rubani jina hilo. Jina la Ibn Majid lilihusishwa na kisa hicho katika maandishi ya baadaye ya karne ya 16, likaenea sana katika karne ya 20, na wanahistoria wengi wa leo hawalikubali. Wengi wao huona kwamba rubani alikuwa mtu wa Gujarat. Ibn Majid hahitaji kisa hicho ili aheshimiwe, kwani vitabu vyake vya elimu ya bahari vinamtosha. Mjadala huo uende katika makala yake, pande zote mbili zikitajwa. Katika makala ya opera hana nafasi, kwa sababu Scribe hakumweka.

SWALI: Mimi ni mwimbaji wa kwaya Nairobi. Nimeimba vipande vya opera nyingi, lakini hii sijapata kuisikia ikitajwa. Kama ilipendwa hivyo mwaka 1865, ilipotelea wapi? Na je, naweza kuweka picha na kipande cha sauti kwenye makala?
Msomaji, Nairobi

JIBU: Swali lako la kwanza ndilo kifungu ambacho makala haina kabisa, nacho ni "Mapokezi". Katika karne ya 19 Meyerbeer alikuwa miongoni mwa watunzi waliochezwa zaidi Ulaya. Kushuka kwake kuna sababu kadhaa: opera zake zinadai waimbaji wakubwa wengi kwa wakati mmoja, mabadiliko mengi ya jukwaa, na katika hii meli nzima inayogonga mwamba mbele ya watazamaji, na hayo yote ni gharama, ladha ya watu nayo ilibadilika. Lakini sababu moja si ya muziki. Meyerbeer alikuwa Myahudi. Mtunzi wa Kijerumani Richard Wagner, ambaye alipokuwa kijana alisaidiwa na Meyerbeer huyo huyo, alichapisha mwaka 1850 andiko la chuki dhidi ya Wayahudi katika muziki, na akaliweka jina lake mwenyewe lilipotolewa tena mwaka 1869. Chini ya Wanazi, muziki wa Meyerbeer uliondolewa katika majumba ya Ujerumani. Makala inayosema tu kwamba opera "ilisahaulika" imeruka jambo hilo.

Kisha eleza jinsi ilivyorudi. Mwaka 1971 Jessye Norman aliimba Sélika huko Florence chini ya Riccardo Muti, na mwaka uliofuata Shirley Verrett na Plácido Domingo waliiimba San Francisco. Mwaka 2013 jumba la Chemnitz, Ujerumani, lilionyesha toleo lililofuata nota za Meyerbeer mwenyewe, kwa jina lake la Vasco de Gama, na mwaka 2015 Deutsche Oper ya Berlin ikafanya hivyo, Roberto Alagna akiwa Vasco. Ndiyo maana nilimkumbusha mwenzetu wa Lubumbashi ataje toleo: anayesikiliza rekodi ya Chemnitz na anayesikiliza ya 1971 hawasikii kitu kimoja, na muhtasari hauna budi kusema unafuata lipi.

Kuna jambo moja zaidi ambalo ningelitia katika kifungu hicho kwa furaha. Mwaka 1878 mwimbaji Mmarekani mweusi aliimba katika Ikulu ya Marekani mbele ya Rais Rutherford B. Hayes, na anahesabiwa kuwa msanii mweusi wa kwanza kufanya hivyo. Jina lake la jukwaani lilikuwa Marie Selika Williams, na hilo Selika alilichukua kwenye opera hii. Yeye ana makala yake katika lugha nyingine; ya Kiswahili ukiiandika wewe, viungo viwili vitaunganisha kurasa zote mbili.

Kuhusu picha, michoro ya magazeti ya Paris ya 1865 na sura za waimbaji wa kwanza, kama Marie Sasse aliyekuwa Sélika na Jean-Baptiste Faure aliyekuwa Nélusko, ni mali ya umma, na mchoro wa ile meli ya sehemu ya tatu ungependeza pembeni mwa muhtasari. Picha ya onyesho la Berlin la 2015 ni ya mpiga picha wake, usiiguse bila idhini. Kwa sauti tazama mambo mawili, muziki na rekodi: muziki wa mtu aliyekufa mwaka 1864 hauna mwenyewe, lakini rekodi ina mwenyewe kwa miaka mingi baada ya kutolewa. Diski za kale za zama za Caruso ndizo za kutafuta kwanza, na ukiweka mojawapo andika chini yake kwamba inaimbwa kwa Kiitaliano, kwa sababu makala inasema opera ni ya Kifaransa na msomaji makini atakuuliza.